Chumba cha Pili

Gita ni la kanisa. Kifungo cha uzi wa tatu
hakizunguki ila kwa koleo, na koleo
fundi Ndahani aliliazima tangu Pasaka.
Kwa hiyo usiniambie nilegeze nyuzi.
Nyuzi zitakaa zilivyo. Atakayelegea ni mimi.

Mbeleje haimbi katika Ji. Nilimwomba.
"Panda kidogo," nikasema, "nusu hatua tu,
Ji ina upepo, nyuzi zake tatu hazishikwi."
Akapanda. Sauti ikawa ya mtu
aliyevaa viatu vya mdogo wake.
Nikamshusha Efu; akazama, akakohoa vumbi la Julai.
Kisha akacheka, akaanza alikoanzia mwenyewe,
katikati, penye kile kibao cheusi cha kinanda,
pale ambapo sisi wa gita hupita mbio
kama wapitao dukani kwa anayewadai.

Efu shapu.
Hapa kodi hailipwi nusu: hakuna uzi hata mmoja
unaokuja bure.
Kidole cha shahada nakilaza juu ya zote sita,
chumba cha pili, kama boriti,
vitatu vingine vinatangulia mbele yake.
Napiga.
Wa sita unanguruma, wa kwanza unalia,
wa pili: tap.
Kokoto kwenye debe.

Mchana napogoa zabibu Makutupora.
Huko nazijua nyaya: waya ukiukaza mno
nguzo ya mwisho inainama;
ukiulegeza, mzabibu unalala chini, mchwa wanafanya harusi.
Mkasi ulinila kidole hikihiki mwaka juzi,
ubavuni, karibu na shina,
na kovu limekaa palepale anapopita wa pili.
Hata ningepima kwa rula nisingelipata hivyo.

Nimejaribu. Kubana kwa gumba mpaka mkono ukafa ganzi.
Kugeuza kidole kikalie mfupa, siyo nyama.
Kuvuta kiwiko mbavuni, mkono uning'inie,
uzito ufanye kazi iliyoishinda nguvu.
Hilo la mwisho lina ukweli. Bana kidogo, ning'inia zaidi.
Wa pili hakusikia.

Lakini kuhama! Kuhama nilikupenda.
Umbo moja, ukilisogeza umesogeza nyumba nzima,
kama wizara zilivyohamia huku na makabati yake,
meza zilezile, anwani mpya.
Si shapu, chumba cha tisa: karani yuleyule.
Rudi cha pili: mlango uleule, uzi uleule uliokufa.

Jumamosi, Nkuhungu, nyuma ya jiko la mama yake,
Mbeleje akatoa kitu alichokifunga kwenye khanga.
Ilimba ya marehemu Chidawali, baba yake:
vijiti alivyovifua kwa mbavu za mwavuli,
kimoja kina kutu, kimoja alikitengeneza kwa msumari.
Akagonga kile kirefu.

Efu shapu.
Au tuseme pungufu yake, unywele mmoja,
mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaita kitu.
"Kwetu Chamwino nyimbo zote zilianzia hapa," akasema.
"Hatukujua pana jina."

Nikalitazama gita kama mtu aliyekuja ugenini
akalalamika kwamba wenyeji wanaishi mbali.

Tukapiga pamoja. Nikibana sana, gita linampita juu;
ikabidi nibane kwa kiasi tu cha kutosikika nimelegea,
na jasho likanitoka kwenye baridi ile.
Wa pili akasema tap, kama kawaida yake.
Ila ile sauti, ya tano kutoka mwanzo,
ambayo miezi minne nimeitafuta kwenye kovu,
ilikuwa inatoka kwenye gumba lake la kulia,
kile kijiti cha msumari,
kila nilipoikosa, ipo.

Sikumwambia.
Nikamwomba aanze tena.